Siku Nilipompa Mzee Wandera Maji ya Kijiji

Naona haya kuwaambia hata leo na mvi zote hizi, lakini pale Namboboto mimi ndiye niliyeyagawa maji ya kijiji kizima kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Akaja mzungu wa maji, chifu akauliza nani anajua Kiingereza, na mkono wangu ukapanda wenyewe (darasa la nane, viatu vya kuazima, na Mzee Wandera, baba yake Nabwire niliyetaka kumposa, amesimama palepale ananitazama). Mzungu akauliza, maji yenu haya ni "well" au "spring"? Nikachanganyikiwa, maana kwetu, pawe pamechimbwa au ni chemchemi, kila penye maji ya kuchota ni kisima tu, basi nikajibu "well", neno nililolizoea. Akauliza, nani alichimba? Hapo nikapotea kabisa. Maji yanatoka mwambani tangu enzi za mababu, nani achimbe? Lakini nikiogopa kuonekana mjinga nikamwonyesha Mzee Wandera kwa kidole, nikidhani nampa sifa.

Mzungu akampa mzee mkono, akatoa karatasi ya mwenye kisima ili atie dole gumba. Watu wakaniuliza, "Anasema nini?"

"Anasema asante kwa kuchimba kisima chake."

Chake! Kwetu aliyechimba ndiye mwenye maji, anaweza hata kukufukuza na mtungi wako, ila maji yanayotoka yenyewe ni ya kila mtu. Kina mama wakatua mitungi. "Mzee, hii maji imekuwa yako tangu lini?" Mzee Wandera anaapa, chifu anafoka, mzungu ananiuliza kuna nini, na mimi sijui nianze na lugha gani.

Nabwire ndiye aliyetuokoa. Alimvuta mzungu kwa mkono wa shati mpaka mwambani, akamwonyesha maji yanavyobubujika, bila neno hata moja la Kiingereza. "Ah, spring!" mzungu akasema, akaichana karatasi huku akicheka.

Mzee Wandera hakucheka.

"Kijana," akaniambia, "leo umenipa mimi maji ya watu. Kesho si utapatia watu binti yangu?"

Nabwire aliolewa na mwingine, huko Marachi. Nami tangu siku ile nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, nasema mbele ya watu, tena nasema mapema.