Safari Mbili za Mwasiti

Wapiga kasia walinishusha Rumonge, kando ya ziwa, mchana, wakakataa kulala. Wajerumani walikuwa wakihamisha watu wa ufukweni kwa sababu ya malale, na nusu ya nyumba zilikuwa tupu. Niliufuata moshi wa karibu, nikamkuta Mwasiti akichemsha machikichi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, ncha ya sikio lake la kushoto imekatwa. Alibatizwa Klara, lakini jina hilo alilitumia padri peke yake, naye alipita mara mbili kwa mwaka.

"Amahoro, mama."

"Amahoro. Kaa mbali na moto, mugeni. Mafuta hayachagui."

Machikichi huchemka tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha hutwangwa yangali moto. Yakipoa, kazi huanza upya. Wakati yanachemka wanawake wengine husukana nywele. Mwasiti wakati huo alimpa Mungu. Alibeba uji hadi kibanda kilichofichwa mateteni, akamwosha na kumlisha mzee Amisi, mgonjwa wa malale. Askari wangemwona wangempeleka kambini, ambako sindano ziliwapofusha wengine kabla hawajafa. Mzee alikuwa amemwapisha Mwasiti kwamba hatachukuliwa. Amisi huyo ndiye aliyemnunua Mwasiti utotoni, na ndiye aliyemkata sikio.

"Wagonjwa wote hawa," jirani yake Asiya alimwambia mbele yangu, "na wewe ukamchagua huyo. Yesu wako hakukuonyesha mwingine?"

"Alinionyesha. Huyu iko karibu. Kwenda mbali sina nafasi."

Asiya alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya tatu askari walidai mtungi wa mawese uletwe ufukweni kabla ya adhuhuri. Siku zote Mwasiti alikwenda safari mbili: alipeleka uji kwanza, kisha akarudi nyumbani kuchukua mafuta. Siku hiyo muda haukutosha. Alijitwika mtungi, akashika uji mkononi, akakatisha mateteni, nami nikamfuata. Mtungi ulikuwa na ufa uliozibwa kwa nta, na mafuta ya jana, aliyoyapasha tena asubuhi ili yachujike, yalikuwa bado moto. Niliona matone mekundu yakianguka nyuma yake. Nilidhani mitungi ya huku ndivyo ilivyo.

Kibandani Amisi alionja uji, akautema. "Umechelewa. Mtumwa ni mtumwa hata akibatizwa."

Mwasiti alimfuta kidevu, akajitwika tena mtungi.

Ufukweni, mkuu wa askari aliupokea mtungi, akaupima kwa mikono, akapapasa ufa. Kisha akatazama njia aliyotoka Mwasiti.

"Nani anakula mawese mateteni, mama? Viboko?"

Askari wawili walifuata matone na siafu waliokwisha kuyazunguka. Walirudi wakimburuta Amisi kwa makwapa.

"Nilikununua kwa doti mbili," mzee alimwambia Mwasiti. "Wewe umeniuza bure."

"Ni nta, mzee. Nta ililegea."

Mzee alikuwa ameshageuza uso. Askari walimtupa ndani ya mtumbwi wa kwenda kambini.

"Nipande naye," Mwasiti alisema.

Mkuu wa askari alimpapasa shingo. "Huna tezi za malale. Rudi kwenye mafuta yako."

"Nani atamlisha?"

"Atajilisha."

"Hawezi kushika kijiko, bwana."

"Basi panda. Lakini kule wakikuandika, mgonjwa au mzima, hutoki."

Mwasiti aliutazama moshi wa nyumbani kwake. Machikichi yalikuwa yameiva.

"Mugeni, toa kuni motoni," aliniambia, akaingia mtumbwini. Amisi alimpiga teke dhaifu la goti. Mwasiti aliushika ule mguu, akaulaza mapajani pake, akaanza kuupangusa tope. Mtumbwi ulisukumwa, nao ukaelekea kaskazini.

Nilipofika nyumbani kwake, kuni zilikuwa zimeshatolewa. Asiya alikuwa ameleta kinu chake na michi miwili.

"Yakipoa ni kazi bure," alisema, akanipa mchi mmoja.

Nilitwanga.