Jedwali Lililomshusha Shemeji

Wanaosema kwamba marehemu alipindua jedwali la matawi ili kumkomoa shemeji yake, wanasema wasichokijua. Wengine wameongeza chumvi kwamba mkewe alikuwa na mkono katika jambo hilo. Ni kweli alikuwa na mkono, lakini wa kumzuia.

Marehemu alikuwa mtakwimu wa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Kazi yake ilikuwa dashibodi, ile skrini pana ukutani mwa ukumbi wa mikutano, iliyopanga matawi yote kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kila Jumatatu asubuhi wakuu wa matawi walikusanyika mbele yake, vikombe vya chai mkononi, shingo wamezinyoosha kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Wenzake walimwita Bwana Safu, naye hakukataa. Alikuwa mtu wa kunyoosha hata vijiko mezani.

Jedwali alilolikuta lilipanga matawi kwa wingi wa vifurushi vilivyofikishwa. Kaka wa mkewe, mkuu wa tawi la sokoni, alikuwa wa kwanza tangu skrini itundikwe ukutani, akatembea ukumbini kama mwenye jengo. Mwisho kabisa lilikaa tawi dogo la mlimani. Mkuu wake, mama mmoja mcheshi, walikuwa wamembandika jina la Mkia, na mwenyewe akiingia husema, "Mkia umefika, sasa mnyama ametimia." Lakini mkurugenzi alipotangaza kwamba atakayeshika mkia mwisho wa mwezi ataondolewa, utani ulimkauka mdomoni.

Bwana Safu akarudi kwenye takwimu zake. Sokoni watu ni wengi. Vifurushi vitakuwa vingi hata mkuu wa tawi akipiga usingizi. Akaongeza safu nyingine: kati ya kila vifurushi mia, vingapi vilifika siku iliyoahidiwa? Alipoipanga dashibodi upya kwa safu hiyo, tawi la mlimani lilipanda hadi karibu na kilele. La sokoni likashuka, likashuka, likatulia chini kabisa.

Nyumbani alimweleza mkewe, maana hakuwa mtu wa kuficha. Mkewe alimsihi asubiri mwezi upite.

"Mwezi ukipita, yule mama atakuwa ameshamwaga unga," alisema Bwana Safu.

"Basi mdokeze kaka yangu mapema."

"Mama Watoto, wakuu wote hulitazama jedwali pamoja. Nikimdokeza mmoja, litakuwa jedwali la nyumbani kwetu."

Mkewe alinuna. Alimpakulia chakula, akalala akiutazama ukuta.

Jumatatu ukumbi ulipigwa na butwaa. Mkurugenzi alimuuliza Bwana Safu kama anajua tawi la mwisho ni la nani. Alijibu kwamba ni la shemeji yake, na kwa sababu hiyo akaomba mtu mwingine azihakiki hesabu. Mhasibu mkuu alizirudia zote mbele ya macho yao. Hakuna tawi lililosogea.

Jioni kaka mtu aliingia sebuleni bila hodi.

"Shemeji, umenivua nguo mbele za watu."

"Keti kwanza, shemeji," alisema Bwana Safu. "Vifurushi vyako vinalala ghalani. Magari yanatoka saa ngapi?"

Shemeji aliketi. Alijibu kwa urefu, macho yake sakafuni. Walipomaliza, dada mtu aliongeza sahani ya tatu mezani, na wote watatu wakala.

Shemeji aliondolewa kwenye ukuu wa tawi, hilo halifichwi. Mkia alibaki na tawi lake. Kwamba mashemeji hawa hawakusalimiana tena hadi kifo ni uongo mtupu: siku ya mazishi, kaka huyo ndiye aliyeshika jeneza upande wa kichwa, na picha zipo.

Kwa nini magari ya sokoni yalichelewa kutoka, watu wanauliza mpaka leo. Kaka mtu alimweleza shemeji yake, dada yake akisikia. Dada yake hatasema, na hapa jambo hilo halitaandikwa.