Somo Alilobakiza Rukia Kiwangwa

Arobaini ya mdogo wangu Rukia ilipopita, mama aliniomba niende Kiwangwa kuchukua vitu vyake. Rukia alikuwa akifundisha darasa la sita huko na alipanga chumba kwa Bi Tatu, mjane mwenye shamba la mananasi. Alifariki akiwa na mimba kubwa, mumewe akiwa kazini Mtwara. Mimi nafundisha sayansi sekondari hapa Bagamoyo na naishi na mama. Kila wiki nilipata sababu ya kutokwenda, mpaka Mwalimu Mkuu wa shule yake aliponipigia simu.

“Mwalimu Zuhura, ukija kufuata mizigo, naomba uingie darasani japo kidogo,” alisema. “Marehemu alikuwa akiwasimulia watoto habari za watu waliokwenda anga za juu. Aliishia katikati, na wananisumbua kila siku.”

Asubuhi, stendi ya Bagamoyo, mvua ilikuwa imekatika lakini mbingu zilikuwa nzito. Nilimtafuta Kassim, dereva wa gari la abiria aina ya Noah, anayekaa Kiwangwa. Nilimtaka yeye kwa sababu ndiye aliyejaribu kumfikisha Rukia hospitali. Alinipa mkono, akaniweka kiti cha mbele, wala hakuwasha redio.

Bonde la Ruvu lilikuwa bado na maji pande zote mbili za barabara. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamelala, na majani yaliyokwama kwenye nguzo za umeme yalionyesha maji yalipofikia. Kassim alipunguza mwendo.

“Ni hapa, dada. Maji yalikuwa yanapita juu ya lami. Alikuwa ameshaanza kifafa cha mimba, kinamshika na kumwachia. Alipopata nafuu akashuka mwenyewe. Akaingia kwenye tope ukingoni, anataka kuona kama panapitika. Nikamwambia, mwalimu, rudi ndani. Akaniambia, ‘Kassim, si mbali.’”

“Halafu?”

“Hapakupitika. Alifia kwenye gari tukisubiri.”

Habari hiyo niliijua, ila yale maneno yake ya mwisho sikuwa nimeyasikia. Mama hakuwa ameambiwa. Baba mdogo alituagiza sote tumwambie kwamba Rukia alifia hospitali, mikononi mwa madaktari, kwa kuwa mama ana presha.

Kiwangwa ilitupokea kwa harufu ya mananasi yaliyoanza kuoza, kwa sababu magari ya kuyachukua yalikuwa hayajafika siku nyingi. Bi Tatu alinifungulia chumba.

“Shikamoo, Bi Tatu.”

“Marahaba, mwanangu. Pole. Sikugusa kitu. Nafagia tu, halafu nafunga.”

Kitandani palikuwa na vinguo vya mtoto, vimekunjwa vizuri. Nilivitia kwenye begi pamoja na kanga zake na viatu vyake vya kazini. Bi Tatu alinisaidia kufunga zipu, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akajifuta machozi kwa ushungi wake. Nilimwacha hapo nikaenda shuleni.

Mwalimu Mkuu, Mzee Kibwana, alinisubiri mlangoni mwa darasa. Ndani, ukuta mmoja ulikuwa umejaa michoro ya watoto, imepangwa kwa mfuatano. Wa kwanza ulikuwa wa mbwa ndani ya chombo kidogo. Alifuata kijana wa Kirusi, binadamu wa kwanza kuizunguka dunia, kisha mwanamke wa kwanza, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha nguo. Baadaye Wamarekani wawili walisimama mwezini, na mwenzao wa tatu alizunguka peke yake juu akiwasubiri. Mchoro wa mwisho ulikuwa wa mwanamke anayetabasamu, ameshika chaki ndani ya chombo.

“Huyu ni yule mwalimu wa Kimarekani,” Mzee Kibwana aliniambia kwa sauti ya chini. “Yule aliyechaguliwa kati ya maelfu ya walimu, afundishe watoto akiwa huko juu. Marehemu aliwaahidi kwamba kipindi kinachofuata watajua ilikuwaje. Ndipo akaugua. Mimi najua ilikuwaje, nimeshindwa kuwaambia. Waambie alirudi salama. Watoto hawa wametoka kuzika.”

Nilimjibu, “Sawa, mwalimu,” na nilikusudia kufanya hivyo.

Darasa zima lilisimama, “Shikamoo mwalimu!” Kabla sijaandika chochote ubaoni, msichana wa dawati la mbele, Mwanaidi, alinyoosha kidole.

“Mwalimu, yule mwalimu alifundisha somo gani huko juu?”

Niliwatazama. Walikuwa wametulia kama watu wanaosubiri matokeo. Uongo niliokuwa nimeuandaa niliuacha.

“Hakufundisha,” nilisema. “Chombo chao kilivunjika angani muda mfupi baada ya kupaa. Wote saba walikufa.”

Mzee Kibwana aliangalia chini.

“Wanafunzi wake walikuwa wanaona?” Mwanaidi aliuliza.

“Walikuwa wanaona kwenye televisheni.”

“Kwa nini kilivunjika?”

Nikawaeleza. Asubuhi ile ilikuwa na baridi kali, na mpira uliozuia moto usivuje kwenye roketi ulikakamaa. Wahandisi walionya tangu jana yake kwamba kuruka ni hatari, wakubwa wao wakaamua waruke. Baada ya msiba walisimamisha safari, wakachunguza, wakatengeneza, wakaanza tena. Miaka baadaye chombo kingine kikaharibika kikiwa njiani kurudi, wakafa wengine saba. Sikuwaficha.

Mvulana wa nyuma alisema, “Basi lile somo lilipotea.”

“Kulikuwa na mwalimu mwenzake, walifanya mazoezi pamoja. Alisubiri zaidi ya miaka ishirini, naye akapaa, akazungumza na watoto akiwa huko. Lakini yule wa kwanza hakurudi.”

Mwanaidi alianza kulia, na wengine wakafuata. Sidhani walikuwa wakimlilia Mmarekani. Nilikaa nao mpaka kengele ilipolia.

Nje, Mzee Kibwana aliniambia, “Hawakuwahi kulia tangu msiba. Nilidhani wameshasahau.”

Jioni nilirudi Bagamoyo. Mama alikuwa barazani. Alilipokea begi, akaliweka kando bila kulifungua.

“Mama,” nilisema, “Rukia hakufika hospitali.”

“Najua.”

“Umejuaje?”

“Nilimwosha mimi, Zuhura. Kwenye kucha za miguu alikuwa na tope jeusi. Hospitali gani ina tope? Nikaona mmeamua kunificha, nikanyamaza ili msijisikie vibaya.”

Kumbe siku zote hizo kila mmoja wetu alikuwa akilia chumbani kwake, akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote tulilijua. Nilichojifunza Kiwangwa ni hicho tu, na nilikijua nimechelewa: kumficha mtu habari ya kifo hakumpunguzii msiba, kunamwacha nao peke yake.

Mama alivuta mkeka, akanionyesha pa kukaa.

“Alisema nini mwisho?” aliuliza.

“Alisema si mbali.”

Mama aliinamisha kichwa, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika.