Uji Uliokataa Kuwa Mzito

Mtoto wetu wa kwanza alifikisha siku nne, na maziwa ya mke wangu bado yalitoka kwa matone. Tulikuwa Marangu kwa mama yangu, mtoto analia mpaka sauti inamkauka. Nesi alisema tuendelee kumnyonyesha tu. Mama akaongeza: uji wa ulezi, asubuhi na jioni.

Mara akaitwa msibani, Moshi mjini, siku tatu. Uji akaniachia mimi, mtu ambaye hata chai naiunguza.

"Unga uko kwenye ndoo, baba. Koroga vizuri, mwenzako apate nguvu."

Jikoni kulikuwa na ndoo mbili. Nikachukua iliyo karibu.

Nilikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Uji ulianza kushika, kisha ukalegea ukawa maji. Nikaongeza unga, ukalegea tena. Mimi ni mbishi. Sikukubali kushindwa na sufuria, nikazidi kuongeza. Mke wangu alikunywa vikombe vitatu, akasema ni mtamu hata bila sukari. Basi nikajiona fundi, na kwa siku tatu nikapika vilevile.

Siku ya tatu maziwa yalikuja mpaka yakalowesha kanga. Sijui ni uji au ni mtoto kung'ang'ania titi. Nilikaa kitandani nikalia, sioni aibu kusema.

Mama aliporudi alifungua ile ndoo, akaona vumbi la unga tu.

"Yeleuwi! Mso wangu!"

Nilikuwa nimempikia mke wangu mso, ule ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Ulezi ulioota hulegeza uji; kumbe ndiyo maana ulikataa kuwa mzito. Wazee wa ukoo walikuwa wanakuja Jumapili kumwona mtoto, na ndizi za mbege zilikuwa zimeshachachuka zinasubiri. Mso wa sokoni mama hauamini kabisa. Alininunia hadi Jumapili, na alikuwa na haki.

Wazee walifika, tukawaamkia, wakaketi. Mkubwa wao akauliza, kwa upole, mbege iko wapi. Nilisimama niombe radhi. Mama akanipita. Akamchukua mtoto kwa mke wangu, kidevu bado kimelowa maziwa, akamweka mapajani mwa yule mzee.

"Mbege yenu ameinywa mwenye sherehe," akasema. "Mpimeni wenyewe alivyo mzito."