Watoto Sita kwenye Kamba Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi huko Majengo, Mombasa, alinikabidhi ufagio, ufunguo wa stoo ya michezo na mipira mitatu, miwili haina upepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, kwa kuwa mimi ndimi kifunguamimba na nyuma yangu walikuwapo watatu wa kulelewa. Basi nilirudi shuleni kwa mlango wa wafanyakazi, na sikuona haya.

Ninyi mnaofundisha michezo leo huenda hamjui somo hilo lilivyokuwa. Mwalimu alipuliza filimbi, akateua manahodha wawili, nao wakachagua wachezaji mmoja mmoja. Wasiochaguliwa walikaa ukutani: wanene, wafupi, wenye pumu, na wasichana karibu wote. Nilikuwa nikifagia ua nikizunguka miguu yao. Siku moja nilimuuliza mwalimu wa michezo, na hawa je? Akacheka, akasema mpira una wenyewe, na hao kazi yao ni kushangilia. Sikuwahi kuwasikia wakishangilia.

Baada ya miaka minane nilihamishiwa shule ya Mji wa Kale, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Uwanja haukuwapo, ila ua wa sakafu ambao mpira ukipigwa kwa nguvu unaishia juu ya paa la jirani. Mwalimu wa Michezo wa pale alikuwa Mwalimu Kombo, mtu mwembamba, mpole wa maneno. Aliona jinsi nilivyopanga kamba stooni, akaniomba kwa Mwalimu Mkuu niwe msaidizi wake.

Yeye alifundisha michezo ya ushirikiano. Humo hapana wa kumshinda mwenziwe. Kundi zima hufaulu au hushindwa pamoja. Kwa mfano, tulitandika magunia sita sakafuni tukayaita visiwa, na darasa zima lisimame juu yake bila mguu kugusa chini. Kisha tukaondoa gunia moja. Kisha la pili. Hapo ndipo watoto hulazimika kushikana na kubebana. Mchezo ukiisha wanakaa duara, na kila mmoja anasema alichoona na angefanya nini tofauti. Mwalimu Kombo alinifunza kwamba mchezo bila duara ni kazi iliyoachwa nusu.

Tabu yangu ilikuwa mikono. Mtoto akiyumba, nilikuwa nimeshamdaka. Nililea wadogo zangu hivyo, sikujua njia nyingine.

"Bi Rukia, mikono nyuma."

"Ataanguka, Mwalimu."

"Ataanguka juu ya gunia. Waachie wenzake wamshike."

Ilinichukua muhula mzima kujifunza kusimama tu.

Mwaka uliofuata Mwalimu Kombo alibuni safari ya kamba. Watoto sita hushika kamba moja yenye vitanzi sita, vya aina ambayo hata ukivuta vipi havibani mkono. Hupewa mchoro wa vichochoro, watafute njia wenyewe kutoka shuleni mpaka kwenye uwazi ulio mbele ya Ngome ya Yesu. Mkono usitoke kwenye kitanzi mpaka wafike. Watu wazima husimama kwenye pembe za njia, hawasemi neno.

Mwalimu Mkuu wa hapo, mama mzito wa kukubali jambo, alituita ofisini. Akasema, "Mtoto mmoja akipotea, michezo hii imekwisha, tunarudi kwa mpira na filimbi. Na wewe, Bi Rukia, ndiye utakayekwenda kwa mzazi wake."

Makundi yalikuwa matano. Katika la mwisho alikuwamo Swafiya, msichana wa darasa la tano anayechechemea, ambaye kabla ya Mwalimu Kombo alikuwa hajacheza lolote pale shuleni. Makundi manne yalifika Ngomeni, tulikowangoja mimi na Mwalimu Kombo, yanacheka, yamelowa jasho. La tano halikufika. Tukangoja. Mwalimu Kombo akatazama saa mara tatu. Mwalimu Mkuu akaja mwenyewe kutoka shuleni, akasimama kando yetu. Nikaona siwezi tena, nikarudi vichochoroni nikienda mbio na buibui langu.

Niliwakuta katika kichochoro kisichokuwa na msimamizi wetu, barazani mwa nyumba moja, wameketi safu, kamba mikononi. Mbele yao amesimama bibi wa makamo, wa kuheshimiwa, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Bi Khadija, mkasi mkononi. Nikamwamkua kwanza. Aliitika, kisha akaniuliza, "Wewe ndiwe mwenye wana hawa?"

"Ni wa shule, mama."

"Wana wa watu mwawafunga kamba kama mbuzi wa Idi? Nawauliza wapelekwa wapi, wanijibu Ngomeni. Ngomeni palikuwa jela, mwanangu. Mamangu alikuwa akinionyesha mlango wake."

Nilitaka kucheka, lakini nikawahesabu kwanza. Akanieleza kwamba alitaka kuwakata kamba, na kila alipomsogelea mmoja, wote sita walikaza ngumi kwenye vitanzi. Kwa hiyo akawazuia pale hadi mwenyewe atokee, na akawapa mahamri wasikae na njaa. Walikula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukutoka kitanzini.

Nilimweleza ni somo. Hakuniamini. Akajifunga leso, akasema atakuja kuona, akatufuata nyuma mpaka Ngomeni.

Mwalimu Mkuu aliwahesabu kwa kidole, sita. Kisha akauliza wamechelewa kwa nini. Mmoja akajibu kwamba walikamatwa. Akawauliza mbona hawakufungua kamba wakakimbia.

Swafiya ndiye aliyejibu. "Mimi siwezi mbio, Mwalimu. Wangefungua, wangefika zamani."

Mwalimu Mkuu akamtazama, akawatazama wale watano. Bi Khadija ndiye aliyesema, "Wana hawa hawaachani. Lakini nyinyi walimu hamna adabu. Mtu hupitisha jambo kama hili mtaani bila kuwaambia watu?"

"Kweli, mama," Mwalimu Mkuu akasema. Kisha akanigeukia. "Safari ijayo, Bi Rukia, utapita kila baraza siku moja kabla."

Nilisikia maneno mawili tu: safari ijayo. Nikaketi chini palepale kwenye nyasi, mbele ya wakubwa wangu.

Tangu hapo nilipita baraza zote kila muhula, na kila baraza ilinipa kahawa. Wanaoanza kazi hii nawaambia wafanye hilo kabla ya kununua kamba. Nilifanya kazi chini ya walimu wakuu wengine watatu, na hakuna aliyetaka kuifuta safari ile.

Nilistaafu mwaka jana. Watu huniuliza kama naionea hamu kazi. Ninachokiona ni hiki: miaka yote ile kila watoto walipotoka niliwahesabu, na walipofika niliwahesabu tena, na kabla ya hapo nilikuwa nikihesabu vichwa vitatu vya wadogo zangu mkekani. Juzi nilikuwa nikirudi kutoka sokoni, wakanipita watoto wengi wakitoka chuo cha Kurani, wanasukumana, wanatukanana kwa furaha. Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo nikatambua kwamba sikuwahesabu.