Rangi ya Shaba Iliyoiva

Baba yangu alikataa kwa muda mrefu kutolewa mtoto wa jicho, nami nilimwita mbishi mbele yake na nyuma yake. Tulikaa ughaibuni, mtaa wa Frogtown, ghorofani. Kila asubuhi ya baridi alishuka akipapasa ngazi zenye barafu, nami nikimfuata roho mkononi.

"Papa, wanatoa ule utando tu, wanatia lenzi mpya."

"Na rangi yangu batapeleka wapi?"

Rangi yenyewe mimi naijua kwa kusimuliwa. Wakati wa Wabelgiji kampuni ya migodi ilimtoa Maniema, kijana bado, ikampeleka Katanga kwenye tanuru la shaba. Mwali ukigeuka rangi, shaba imeiva; ukichelewa kidogo tu, imeharibika. Wafanyakazi wote walipewa miwani ya buluu. Baba aliivua yake, kwa kuwa akiivaa hakuuona mwali ukigeuka. Injinia alisimama kando akisubiri baba atamke, ndipo hewa iliyopulizwa tanuruni izimwe. Kwenye karatasi za kampuni baba aliandikwa boyi wa tanuru, na sahihi ilikuwa ya injinia. Hata baada ya uhuru, vijana walioletwa kutoka Ulaya aliwafundisha yeye, kisha wakawa wakubwa wake. Mimi hilo linanichoma mpaka leo. Yeye alijigamba tu: "Bale bazungu, mimi ndiye nilikuwa jicho yabo."

Daktari wa macho kule Roseville aliuliza mzee alifanya kazi gani. Nikamweleza. Akasema moto ndio uliompika macho, nami nikatafsiri.

"Mwambie miwani niliivua mimi mwenyewe," baba akasema, na akacheka.

Mwishowe alianguka kwenye zile ngazi, akaumia nyonga, akakubali. Upasuaji ulikwenda vizuri. Alinitazama akasema nimezeeka, kisha akataka kujua nani alichagua zulia baya namna ile. Nilifurahi mno, siwezi kudanganya.

Jumamosi moja alinikuta nikipasha mawese jikoni. Alisimama karibu, akainamia sufuria mpaka moshi ukaanza. Nikazima jiko.

"Papa, mwali wa shaba ulikuwa na rangi kama hii ya mawese?"

Aliniomba niwashe tena, nikawasha. Aliyatazama mafuta kwa bidii, kwanza kwa jicho moja, halafu kwa jingine, na uso ukamlegea.

"Kila kitu inakuwa buluu kidogo," akasema. "Sijue tena."

Nilimwambia atazoea. Nilimwambia pia kwamba sasa anaona kuliko mimi, na nilipolisema nikaona limemuumiza. Alivuta kiti akaketi. Kisha aliniuliza, taratibu, kama kati ya wenzake wa tanuruni kuna yeyote aliyebaki, nimpigie simu, yeye amuulize ile rangi.

Nikamjibu hakuna. Habari za misiba yao zote nilimsomea mimi.