Nami Nilizaliwa Biryogo

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyohitimu chuo cha Biblia hapa Kagarama. Ndiyo siku niliyomkana mama.

Mama Zaina alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, Mwislamu. Mama yangu mzazi, jirani yake, alipofariki nikiwa na miaka minne, yeye ndiye aliyenichukua. Marehemu alikuwa amemwomba nisiache kanisa. Basi kila Jumapili alinipeleka mwenyewe hadi mlangoni, na mtandio wake kichwani, akaningoja nje, watu wakimtazama.

Siku ya mahafali alikuja amevaa kitenge kipya. Mwenzangu mmoja akaniuliza huyu ni nani. Nikaona haya.

"Ni jirani tu," nikasema. "Hakunizaa."

Alisikia. Akaninyoosha kola, akasema taratibu, "Mimi natangulia nyumbani. Nguo za wateja zinaningoja." Akaondoka kabla ya chakula.

Mwalimu wetu wa Kigiriki, mzee kutoka Bukoba, alikuwa nyuma yangu. Akanivuta kando.

"Gennao maana yake nini?"

"Kuzaa, mwalimu."

"Nani huzaa?"

"Mama."

"Na baba pia. Kigiriki kinawapa wote wawili neno hilo hilo. Na yule mtume aliyekuwa kifungoni, alipomwombea mtumwa mtoro msamaha kwa bwana wake, alisema amemfanya nini?"

Nilijua. Alisema amemzaa.

"Hakuwa baba yake wa damu," mwalimu akasema. "Umelisoma neno hili miaka mitatu, na leo umemfukuza mama yako kwalo."

Sikugusa chakula. Nilipanda pikipiki hadi Biryogo, nikamkuta ameketi kwenye cherehani, hakuna nguo ya mteja mbele yake. Nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikamweleza lile neno, kwamba yeye amenizaa.

"Kigiriki sijui," akasema. "Lakini hilo nilijua tangu ulipolala hapa siku ya kwanza." Akanipakulia wali.

Mungu alinipa miaka mingine kumi na mmoja ya kumwita mama mbele za watu. Namshukuru kwa kila mmoja.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu: aliyekulea mtaje kwa cheo chake angali anasikia. Usimpunguzie heshima kwa sababu ya damu, wala kwa sababu anasali kwingine. Mungu akujalie wazazi wengi kuliko wale waliokuleta duniani, akupe na moyo wa kuwatambua wote.